Swali Namba Tatu: Muulizaji Hakuwepo

Wasikilizaji wapendwa, wazee wangu shikamooni, na ninyi wenzangu habari za tangu juzi. Leo sina wimbo wa kufungulia. Fundi mitambo ameniuliza tuweke upi, nikamwambia aache. Mama tunayemkumbuka leo hakupenda ngoma kabla ya maneno. Alisema mtu akikuanzia na ngoma, ujue maneno yake ni machache.

Mimi ni Yoakimu Hermani. Tunamkumbuka Mama Bernadina Qamara, wengi mlimjua kama Mama Fransiska. Amezikwa Jumamosi iliyopita Harsitla ya Chini, akiwa na miaka tisini na miwili. Alikuwa diwani, tena katika miaka ambayo diwani mwanamke alikuwa kitu cha kutazamwa mara mbili. Alikuwa muulizaji wa maswali. Hilo la mwisho lishikeni, kwa sababu ndilo lililomfikisha mbali, na ndilo lililomkwamisha.

Nitawasimulia swali lake moja tu. Na nitawaambia mapema: halikujibiwa. Anayetaka habari njema leo, naomba radhi.

Tuanze na Harsitla ya Juu. Ni kule mgongoni mwa mlima, ng'ambo ya Dongobesh, kwenye ukungu na mashamba ya ngano yanayoning'inia. Mama Bernadina alizaliwa huko, akaolewa huko, akafiwa na mume huko akiwa bado kijana. Alibaki na mtoto mmoja wa kike, Fransiska. Kusoma alijifunza misheni. Uhuru ulipokuja, yeye alikuwa mmoja wa wanawake wachache pale mlimani walioweza kusoma barua na kuijibu. Basi mwaka 1963, ulipofanyika uchaguzi wa baraza la wilaya, watu wakasema, tumpeleke huyu, angalau ataelewa karatasi zao.

Mwaka uliofuata alikuja waziri. Jina lake silitaji, ametangulia mbele ya haki. Alihutubia baraza kuhusu kujitawala, akahutubia vizuri, watu wakapiga makofi. Alipomaliza, Mama Bernadina akasimama. Akasema: "Mheshimiwa Waziri, tumesikia kwamba tumejitawala. Sasa huko kujitawala kunafika Harsitla siku gani, ili tulime barabara?"

Ukumbi ulicheka. Waziri naye alicheka. Lakini Mama Bernadina alibaki amesimama, hakucheka, mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Ndipo waziri akamuuliza, mnataka nini hasa? Akajibu: "Zahanati na mkunga. Wanawake wetu wanazalia njiani." Waziri akasema, jengeni, nasi tutaleta mtu.

Wakajenga. Wasikilizaji wapendwa, walijenga kweli. Mawe yalibebwa na wanawake kwa vichwa kutoka korongoni. Wanaume walipasua mbao. Mabati yalitoka barazani. Jengo lilipokaribia kwisha ikaonekana halina mlango, na mbao zimekwisha. Mama Bernadina akaenda nyumbani kwake, akang'oa mlango wa nyumba yake mwenyewe, akaubeba mgongoni. Zahanati ya Harsitla ikapata mlango. Yeye akatundika ngozi ya ng'ombe mlangoni kwake, akalala hivyo miezi mitano, na mnajua baridi ya kule.

Mwaka 1965 baraza likaajiri mkunga. Aliitwa Verdiana, mtoto wa Bukoba. Alifika amevaa viatu vya kisigino, akavivua siku ya pili na hakuvivaa tena. Kwa miaka saba wanawake wa Harsitla walizalia chumbani, kitandani, kuna maji ya moto na kuna mtu anayejua. Miaka saba. Nairudia kwa sababu ndiyo miaka pekee mizuri katika habari hii yote, na nimeipitisha kwa sentensi chache.

Mwaka 1972 mabaraza ya wilaya yalivunjwa. Tuliambiwa madaraka yamepelekwa mikoani, na mkoa wetu wakati huo ulikuwa Arusha. Baraza likabaki la maendeleo, la kushauri. Hoja ilikuwa nzuri, kwamba serikali isogee kwa wananchi. Lakini mkunga Verdiana alikuwa mwajiriwa wa baraza, na baraza limekufa. Akapokea barua ya uhamisho. Alilia, na wanawake walilia. Mama Bernadina hakulia. Aliomba kuisoma ile barua, akaisoma mara mbili, akauliza: "Aliyetia saini hapa ni nani? Mbona pana cheo tu, jina hakuna?"

Waziri alipofika wilayani mwaka 1973, mwingine huyu, akamuuliza: "Baraza lilipovunjwa, zahanati yetu imerithiwa na nani?" Waziri akamjibu kwamba madaraka sasa yako mkoani, yaani karibu zaidi na wananchi. Mama akauliza tena: "Mheshimiwa, Arusha ni karibu na nani?" Mwenyekiti akamkalisha. Swali likaandikwa kwamba litashughulikiwa.

Sasa tunakuja kwenye kosa lake. Alikuwa akilitaja mwenyewe, kwa hiyo simvunjii heshima. Mwaka 1974 ilikuja operesheni ya vijiji. Watu wa mlimani tulitakiwa tushuke, tukae pamoja kule tambarare, ndiyo Harsitla ya Chini ya leo, maili tisa kutoka zahanati. Madiwani waliitwa, wakaambiwa: ninyi ndio wa kuwaongoza watu wenu. Huduma zitawafuata. Shule, maji, zahanati, vyote vitawafuata.

Mama Bernadina aliamini. Watu walikuwa wanasitasita, wanatazama ng'ombe wao, wanatazama makaburi yao. Yeye akafunga mizigo yake ya kwanza, akashuka mbele. Wengine wakafuata. Miaka mingi baadaye alikuwa akisema: "Mimi nilikuwa yule ng'ombe wa kengele. Ng'ombe wa kengele hajui aendako. Anapiga kengele tu, wengine wanakuja."

Siku ile ya kushuka, binti yake Fransiska alimuuliza njiani: "Mama, na zahanati?"

Akamjibu: "Itatufuata."

Haikufuata. Jengo lilibaki kule juu peke yake na popo wake. Mama Bernadina alipoona miezi inapita, alipanda mlima, akaung'oa ule mlango wake kutoka zahanati, akarudi nao mgongoni, akauweka kwenye nyumba mpya. Nadhani siku hiyo alikuwa amekwisha jua. Lakini akaandika swali.

Wasikilizaji, katika baraza lile swali liliandikwa kwenye karatasi, likapelekwa kwa karani wiki tatu kabla ya kikao. Karani alilipatia namba. Siku ya kikao, namba ikiitwa, mwenye swali anasimama na kulisoma kwa kinywa chake. Asiposimama, swali linaanguka. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni. Mwaka 1975 waziri alitarajiwa kuja mwezi wa saba. Swali la Mama Bernadina likapewa namba tatu.

Siku kumi na nane kabla ya kikao, Fransiska alishikwa na uchungu.

Alikuwa amekuja kwa mama yake kujifungulia, kama kawaida ya mimba ya kwanza. Uchungu ulianza asubuhi, mchana ukawa mbaya. Machela haikuwepo. Gari halikuwepo. Mama Bernadina akasema, ng'oeni mlango. Wanaume wanne wakautoa kwenye bawaba, wakamlaza Fransiska juu yake, wakaanza safari ya kwenda Dongobesh kutafuta gari la kwenda hospitali. Mama alitembea kando, ameshika mkono wa mtoto wake.

Mtoto alizaliwa njiani, akiwa hai. Fransiska alitokwa damu. Alikufa juu ya mlango ule kabla Dongobesh haijaonekana. Wakageuka.

Yule mtoto ni Natalia. Leo ni mama wa watoto wanne. Nilikwenda kumwona juzi, akaniambia hivi, nanukuu: "Bibi alinisimulia habari hiyo kila mwaka, tarehe yangu ya kuzaliwa. Hatukuwa na sherehe wala nini. Ananiketisha, anasimulia yote, halafu anakwenda kukamua. Nikiwa mdogo nilikuwa naogopa siku hiyo ifike. Nilipokuwa mkubwa nikaelewa kwamba hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia."

Sasa vijana mnaonisikiliza, nataka mjue jambo moja la kwetu. Zamani, nyumba iliyopata kifo cha namna ile, mwanamke amekufa akizaa, watu wake walikaa metimani. Hawakuingia nyumba ya mtu, wala kukaa penye mkusanyiko. Maji walichota upande wa chini, baada ya wengine. Ukitaka kuongea nao unasimama mbali. Si kwa kuwachukia. Watu waliogopa kifo kisihamie kwa wajawazito na watoto. Mapadre walilipinga jambo hilo, serikali ililipinga, na sisi mbele yao tuliitika ndiyo, ndiyo. Tukirudi nyumbani tulilishika.

Mama Bernadina alikuwa Mkristo wa kusali kila Jumapili. Lakini alikaa metimani, miezi ikahesabiwa.

Na kikao kilikuwa kimebaki siku chache.

Hapa, wasikilizaji wapendwa, naomba mnivumilie, kwa sababu naingia nyumbani kwangu mwenyewe. Baba yangu mzazi, mzee Hermani, alikuwa diwani katika baraza lilelile. Siku mbili kabla ya kikao alikwenda kwa Mama Bernadina. Alisimama mbali, kwenye ukingo wa shamba. Mama alisimama mlangoni. Mazungumzo yao baba alinisimulia akiwa mgonjwa, miezi michache kabla hajafa, na alinisimulia akiwa ameuelekea ukuta.

Baba alimwambia: "Mama Fransiska, pole. Pole sana. Nimetumwa na wenzangu. Utakwenda kwenye kikao?"

Akajibu: "Nina swali."

Baba akasema: "Ukiingia, sisi tutatoka. Tuko kumi na watatu. Akidi itavunjika. Waziri atapanda gari lake aende zake, na maswali ya watu wote yataanguka. Hata langu la josho."

Mama akauliza: "Na wewe Hermani, utatoka?"

Baba akasema: "Mke wangu ana mimba. Nitatoka."

Wasikilizaji, mimba ile ilikuwa mimi.

Nilizaliwa miezi mitatu baadaye, nyumbani, bila mkunga, na mama yangu akapona. Ilikuwa bahati tu. Kuna watu hupata bahati ile na kuiita hekima.

Siku ya kikao ikafika. Mama Bernadina alitoka kwake asubuhi, akatembea njia ya peke yake, pembeni, ili asikutane na mtu. Hakuingia ukumbini. Aliketi juu ya jiwe ng'ambo ya barabara, kajifunika shuka. Karani wa baraza aliitwa Reginald, kijana wa Moshi aliyehamishiwa kwetu. Yeye mila yetu haikumhusu. Alitoka nje, akavuka barabara, akamwamkia: "Shikamoo mama." Mama akampa karatasi mkononi, nakala ya swali. Reginald alikuwa mtu wa nje wa kwanza kugusana naye tangu mazishi. Mama alimwambia: "Mwanangu, niombee walisome hata kama mimi siko ndani."

Reginald bado yu hai. Nilimpigia simu juzi. Sauti imekuwa ya kizee lakini kumbukumbu iko. Alisema: "Nilimpelekea mwenyekiti ile karatasi. Nikamwambia, mama yuko nje, ana msiba. Mwenyekiti akaitazama, akaifunika kwa faili. Yeye alikuwa mtu wa hukohuko, alijua kila kitu."

Swali la kwanza likaulizwa. Swali la pili likaulizwa, lilikuwa lile la baba yangu, la josho la ng'ombe. Waziri akalijibu vizuri. Kisha ikaitwa: swali namba tatu.

Hakuna aliyesimama.

Waziri akauliza: "Mwenye swali yuko wapi?"

Mtu mmoja akasema: "Yuko nje, mheshimiwa."

"Nje? Basi aingie."

Baba yangu alikuwa kiti cha pili kutoka dirishani. Akigeuza shingo anamwona yule mama juu ya jiwe. Wajumbe ishirini na wawili, na kila mtu anajua. Ilitakiwa mmoja tu aseme: mheshimiwa, huyu mama mtoto wake amekufa njiani siku kumi na nane zilizopita, na hilo ndilo swali lenyewe, na kwa mila yetu hawezi kukaa nasi, tunaomba utoke wewe umsikilize. Maneno hayo yanasemeka. Nimeyasema sasa hivi, sijamaliza hata dakika.

Hakuna aliyeyasema. Na baba aliniambia sababu. Walikuwa wameona aibu. Mwezi uliotangulia chama kilikuwa kimewaonya kuhusu mila potofu. Nani angesimama mbele ya waziri akubali kwamba baraza zima, watu wazima na suruali zao, wanaogopa mwanamke mwenye msiba? Waliona aibu ya metimani. Aibu ya mtu kufia juu ya mlango hawakuiona.

Waziri alisubiri kidogo. Mtu wa haki atasema alisubiri. Kisha akasema: "Kama muulizaji mwenyewe hakuona umuhimu wa kuingia, mwenyekiti, tuendelee."

Wakaendelea na swali namba nne.

Kwenye kumbukumbu za kikao Reginald aliandika maneno haya: Swali namba tatu. Muulizaji hakuwepo.

Nilimuuliza kwenye simu, mzee, mbona uliandika hivyo? Akasema: "Niliandika kinachoandikwa. Lakini alikuwepo. Nilimwona dirishani kikao kizima. Wakati gari la waziri linaondoka alisimama, akavua shuka kichwani, akalitazama. Gari likampita. Vumbi likamfunika."

Muulizaji hakuwepo. Shikeni maneno hayo, kwa sababu yalimfuata kuliko zahanati. Miezi ya metimani ilipokwisha, akaliandika swali upya. Akajibiwa: swali hili lilikwisha itwa kikaoni, muulizaji hakuwepo. Mwaka 1976 akaliandika tena. Jibu lile lile. Mwaka 1977 akasafiri mpaka Arusha, siku mbili njiani, akakaa kwenye benchi la ofisi ya mkoa. Wakamtafutia faili. Wakalipata. Wakamsomea mstari ule ule, kwa upole kabisa, wakampa chai. Uchaguzi uliofuata hakugombea.

Mtaniuliza, je, hatimaye zahanati haikuja? Jengo lilikuja, baada ya miaka mingi, na bango lake. Mkunga alikuja akakaa msimu mmoja, akaondoka. Akaja mwingine, naye akaondoka. Wiki iliyopita nilipita pale. Mlango una kufuli. Mama mmoja mwenye mimba alikuwa ameketi barazani anasubiri, na nilipomuuliza anamsubiri nani, akasema hajui, ila akikaa pale anajisikia nafuu.

Siku za mwisho za Mama Bernadina, Natalia na wanaume wa jirani walitaka kumpeleka hospitali. Pikipiki ya magurudumu matatu ilikwisha fika uani. Natalia anasema bibi aliitazama, akaomba irudi salama kwa mwenyewe. Akasema: "Mimi siendi. Njia ile naijua." Akageukia ukuta. Alikufa kesho yake, saa za kukamua.

Kwa Natalia, kwa watoto wako wanne, na kwa ukoo wote wa Qamara: poleni sana. Napeleka pole hii kwa niaba ya kituo chetu. Na kwa niaba ya baba yangu, aliyesimama kwenye ukingo wa shamba, napeleka pole ya pili. Hiyo imechelewa, na naijua haitoshi. Mzee Hermani hakuwahi kumwomba radhi yule mama. Walisali kanisa moja miaka thelathini.

Na kwetu tuliobaki, sina fundisho. Nina ombi tu. Kila mmoja wetu amewahi kukaa kiti cha karibu na dirisha, akaona, akanyamaza. Jioni hii ukiwa unafunga mlango wa nyumba yako, uguse ubao wake. Ukumbuke mtu gani yuko nje, na kwa nini hukusema.

Natalia amenipa karatasi. Ndiyo ile nakala. Reginald alimrudishia mama siku ile ile jioni, na mama aliitunza ndani ya kitabu chake cha sala. Wino umekuwa wa kahawia lakini unasomeka. Kanuni ilisema swali lisomwe na mwenyewe. Mwenyewe hayupo, safari hii kweli hayupo. Nalisoma mimi, niliyekuwa sababu mojawapo ya yeye kukaa nje.

"Swali namba tatu. Serikali ilituahidi kwamba huduma zitatufuata kijiji kipya. Tumekaa mwaka mmoja na miezi mitatu. Je, ni nani mwenye madaraka ya kumrudisha mkunga wetu: ni kijiji, ni wilaya, ni mkoa, au ni wizara? Tunaomba tupewe jina la mtu, si jina la ofisi."

Wasikilizaji wapendwa, simu zetu ziko wazi. Namba mnaijua. Natoa nusu dakika. Si ya kumwombea, hiyo tulifanya kanisani Jumamosi. Ni nusu dakika ya yeyote anayesikiliza, mwenye cheo au asiye na cheo, atupatie jina.

Fundi, usiweke muziki.

Nusu dakika imekwisha. Simu haikulia.